Kifungu cha 15 na Maneno ya Nyumbani: Kujitayarisha Kueleza Siasa kwa Jamaa

Muulize mtu yeyote wa Lubumbashi, wa Kisangani au wa Kinshasa kifungu cha 15 kinasema nini. Atakujibu bila kufikiri: jipange mwenyewe, kila mtu atafute namna yake ya kuishi. Katika Kongo nzima hakuna kifungu cha sheria kinachojulikana kuliko hicho, na hakimo katika katiba yetu. Husimuliwa kwamba kilizaliwa Kasai Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu waliofukuzwa kwingine walipokwenda kumlilia Albert Kalonji shida zao. Kifungu cha 15 cha katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 kinasema jambo jingine kabisa. Kinawapa wenye mamlaka wajibu wa kukomesha jeuri ya kingono, na kinaiita uhalifu dhidi ya binadamu pale inapofanywa kwa nia ya kuvunja familia na kuangamiza watu. Basi mzaha unajulikana na kila mtoto, lakini sheria ambayo ingemlinda mtoto huyo haijulikani hata na mama yake.

Waliotunga katiba waliiona hatari hiyo. Kifungu cha 45 kinawapa wenye mamlaka wajibu wa kuieneza katiba na kuifundisha. Kifungu cha 142 kinaipa serikali siku 60 tangu sheria kutangazwa ili iisambaze kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Je, ni lini mara ya mwisho wewe msomaji uliposhika mkononi sheria iliyochapwa kwa Kiswahili? Kwa kuwa karatasi hiyo haipatikani, kazi inaangukia mkeka na meza ya chakula. Siku ya mapumziko mwanafunzi wa chuo kikuu anarudi nyumbani, kambo anamuuliza: «Redio inasema wanataka kubadilisha katiba. Katiba ni nini, na inanihusu nini?» Katika Kitivo cha Lugha tunadhani swali hilo ni la wenzetu wa Sheria. Makala hii inasema ni letu kwanza. Ugumu wa kueleza wazo la siasa nyumbani mara nyingi hauko katika wazo lenyewe. Uko katika neno, kwa sababu neno limeshakuwa na maana nyumbani kabla mwanafunzi hajafika.

Tuanze na kosa linalosikika kila mahali. Mwanafunzi anajibu: «Kambo, constitution inaprévoir kama province iko na droit ya retenue à la source.» Hapo Kiswahili ni viambishi na viunganishi tu, kila neno lenye uzito ni la Kifaransa. Kambo anaitikia kwa kichwa, kijana anafikiri ameeleza. Hakueleza kitu. Amemwonyesha kambo kwamba amesoma, na kambo ameonyesha adabu. Kuchanganya lugha si dhambi, mji wetu wote unaishi hivyo. Lakini neno la Kifaransa linapoachwa vilevile, mara nyingi ni kwa sababu msemaji mwenyewe hajajua lina maana gani. Jaribio la kwanza la kujitayarisha ni hilo: kabla ya kwenda kueleza, sema wazo lako lote kwa Kiswahili cha nyumbani, peke yako, kwa sauti. Mahali unapokwama ndipo usipoelewa.

Jaribio la pili ni kukagua maneno ya Kiswahili yenyewe, maana nayo yana mitego.

Chukua neno «politike». Kwetu, mtu akisema «ile ni politike tu», hazungumzii Bunge wala uchaguzi. Anasema kuna ujanja, maneno matamu yanayoficha jambo. Mtoto anayezungukazunguka bila kusema aliyevunja sahani anaambiwa aache politike. Ukimwambia mjomba wako, «leo nataka tuzungumze politike», umeshamwambia kwamba unakuja kumdanganya. Kiswahili sanifu kina «siasa», na kamusi za zamani zililipa neno hilo pia maana ya upole, utaratibu na busara. Lakini neno zuri la kamusi halifuti neno la mtaani. Ni afadhali kuacha yote mawili mwanzoni na kusema jambo lenyewe: nani anaamua, kwa fedha ya nani, na tunaweza kumwondoa vipi.

Kisha kuna «serikali». Kifaransa kinatenganisha «État» na «gouvernement». Kiswahili cha kila siku kinaviweka vyote viwili ndani ya «serikali», na hasara yake ni kubwa. Mawaziri wakibadilishwa, watu husema «serikali imeanguka», na mzee aliyeishi miaka ya vita anasikia kwamba nchi imeanguka. Mwanafunzi mwenye bidii atakumbuka kwamba vitabu vya Dar es Salaam vinatumia «dola» kwa maana ya État. Ajaribu kulisema neno hilo sokoni Kenya, hapa Lubumbashi: kila mtu atageuka kuuliza leo dola inabadilishwa kwa franga ngapi. Kwa bahati tunalo neno letu, «Leta», lililotoka katika «l'État» na kukaa kwetu muda mrefu: kazi ya Leta, nyumba ya Leta, askari wa Leta. Mababu wengine waliuita utawala wa kikoloni Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa Stanley huko Kongo ya Chini. Ukimweleza kambo kwamba Leta ni nyumba na serikali ni wale wanaoshika funguo kwa muda, umetumia maneno anayoyajua na umepasua wazo katikati, pale hasa Kifaransa kinapolipasua. Ila sikio la Kiswahili haliwezi kuacha kusikia ndani ya «Leta» amri nyingine: leta! Na historia ya kodi katika nchi hii haisaidii kuisahau.

«Jimbo» nalo lina hila yake. Kwetu ni province: jimbo la Haut-Katanga, jimbo la Ituri, mojawapo ya majimbo 26 yaliyoanza kazi mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa mara nne. Nchini Tanzania jimbo ni eneo linalomchagua mbunge mmoja. Anayefuata habari za redio za nje anaweza kusikia kwamba mtu ameshinda jimbo na kudhani amekuwa gavana.

Neno linalonisumbua kuliko yote hayo ni «bure». Kifungu cha 43 kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za Leta. Tangu Septemba 2019 jambo hilo limeanza kutekelezwa, na wazazi wengi walipumua. Lakini katika Kiswahili «bure» ni kitu kisicholipiwa, na vilevile ni kitu kisicho na faida: nimehangaika bure, huyu ni mtu bure. Mzazi anayesikia «shule ya bure» anasikia maana zote mbili, na darasa likiwa na watoto wamebanana, maana ya pili inashinda. Tena neno hilo linaficha kwamba kuna anayelipa. Mwalimu hali hewa. Analipwa kwa kodi, pamoja na ile ambayo mama anaitoa kila siku anapotandika bidhaa zake sokoni. Sema «shule ambayo sote tumeshailipia» badala ya «shule ya bure», uone jinsi mazungumzo yanavyogeuka. Anayepewa zawadi hunyamaza, lakini aliyelipa huuliza fedha yake imekwenda wapi.

Hapo ndipo tunaona kwamba uchaguzi wa neno si pambo. Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika kifungu cha 26, kinachohusu maandamano. Maandishi yake yanataka waandaaji wawajulishe kwa barua wenye mamlaka wanaohusika. Yanasema kuwajulisha. Hata hivyo kwenye redio, katika midomo ya viongozi na hata ya waandamanaji wenyewe, utasikia «kuomba ruhusa», «wamenyimwa ruhusa», «maandamano yasiyo na ruhusa». Kati ya kujulisha na kuomba ruhusa kuna umbali wa utawala mzima. Na nyumbani tofauti hiyo inajulikana na kila mtoto wa miaka sita. Mtoto mdogo husema: «Mama, naomba niende kwa yaya.» Kaka yake mkubwa, aliyeshaanza kazi, husema: «Mama, nakwenda kwa yaya, msinisubiri kula.» Wote wawili wana heshima. Mmoja tu ndiye anayeweza kukataliwa. Ukitoa mfano huo kwanza, kisha ukasoma kifungu cha 26, hakuna mtu mkekani atakayehitaji mwanasheria. Usipoutoa, unaweza kusoma kifungu hicho mara kumi na watu wakaondoka wakisema katiba inataka ruhusa.

Mifano ya nyumbani ina nguvu, na kwa sababu hiyo inataka kupimwa kabla ya kutumiwa. Ule wa zamani kuliko yote ni wa familia: nchi ni nyumba, Rais ni baba. Ni rahisi, kila mtu anauelewa, na unabeba sumu. Baba hachaguliwi na watoto wake, hana muhula, na kumuuliza hesabu ni utovu wa adabu. Utawala wa Mobutu ulijua vizuri faida ya mfano huo, na ule mwingine wa kijiji kisichoweza kuwa na machifu wawili. Kwa miaka mingi kila Mzairwa alihesabiwa kuwa mwanachama wa MPR tangu kuzaliwa, na vyama vingi havikuruhusiwa hadi Mobutu alipotoa hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990. Mzee aliyekulia wakati huo akisikia neno «chama» anaweza bado kusikia Leta yenyewe. Kijana anayemwambia kwamba «chama changu kinapinga» anamshtua bila kujua. Kwa mzee huyo, mtu aliyekuwa akipinga chama alikuwa akipinga nchi.

Mfano ninaoupendelea ni likelemba. Tufikirie wamama kumi wa soko wanaochanga kiasi kilekile kila juma, na kila juma mmoja anachukua chungu chote. Kabla ya mchango wa kwanza wamekubaliana: nani anashika fedha, nani anaandika, zamu inafuatana vipi, anayechelewa anafanywaje. Makubaliano hayo ndiyo katiba. Yalifanywa kabla ya fedha kuonekana, wakati hakuna aliyejua zamu yake itaangukia siku gani, na hiyo ndiyo sababu yanaweza kuwa ya haki. Mshika fedha ni serikali. Likelemba yenyewe ni Leta. Mshika fedha akibadilishwa, likelemba haikufa.

Kwa mfano huo tunaweza sasa kuingia katika swali la kambo. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kushughulikia katiba inayolingana na hali ya nchi. Tangu hapo nchi nzima inabishana, na sehemu kubwa ya ubishi huo nyumbani ni ya maneno mawili ya Kifaransa ambayo Kiswahili chetu kimeyafanya moja. «Révision» ni kugusa vifungu fulani na kuacha katiba ibaki ileile. «Changement» ni kuweka kando katiba nzima na kuandika nyingine. Nyumbani yote mawili ni «kubadilisha katiba». Basi mjomba anapinga lile la pili, shangazi anatetea lile la kwanza, wanagombana hadi ugali unapoa, na huenda hawatofautiani hata kidogo. Anayetaka kusaidia aanze kwa kugawa maneno: «kurekebisha katiba» kwa lile la kwanza, «kuandika katiba mpya» kwa lile la pili, na kumwomba kila mmoja aseme anazungumzia lipi.

Mengine yanafuata kwa urahisi. Kurekebisha kumeshafanyika: Januari 2011 vifungu 8 viliguswa, na kifungu cha 71 kikaondoa duru ya pili ya uchaguzi wa Rais, hivyo tangu hapo anayepata kura nyingi kuliko wengine anashinda hata asipofikia nusu. Kifungu cha 218 kinasema nani anaweza kuanzisha marekebisho: Rais, serikali, nusu ya wajumbe wa Bunge au wa Seneti, na raia 100 000 waliotia sahihi. Hilo la mwisho huwashangaza watu daima, na linastahili kusemwa mara mbili. Halafu kifungu cha 220 kinaweka uzio: kuna mambo ambayo marekebisho hayawezi kuyagusa, na mojawapo ni idadi na urefu wa mihula ya Rais, ambayo kifungu cha 70 kimeiweka kuwa miaka mitano, inayoweza kurudiwa mara moja tu.

Mwalimu mwaminifu anaeleza pande zote mbili kwa namna ambayo wenye upande huo wangejitambua ndani yake. Wanaotaka katiba mpya wanasema hii ya sasa iliandikwa na watu waliokuwa wakitoka vitani, kila kundi likijikatia sehemu yake. Kwamba inachelewesha kuunda serikali. Kwamba magavana na maseneta, wanaochaguliwa na wabunge wa majimbo wachache, wanafungua mlango wa kununua kura. Na wanauliza kwa nini kizazi kimoja kifunge mikono ya vizazi vyote. Wanaopinga wanasema mshika fedha asiguse kanuni wakati chungu kiko mkononi mwake. Kwamba katiba mpya ni njia ya kuzunguka uzio wa kifungu cha 220 ili kuhesabu mihula upya. Kwamba nchi yenye vita mashariki ina kazi nyingine. Na wanakumbusha kwamba hii ya 2006 ilipitishwa na wananchi wenyewe kwa kura ya maoni ya Desemba 2005, zaidi ya 80 kwa 100 wakisema ndiyo.

Nina maoni yangu juu ya jambo hilo, na yeyote anayeeleza anayo. Akiulizwa, ayaseme, lakini aseme «hapa sasa nasema langu». Kambo anayejua wapi maelezo yameisha na wapi ushawishi umeanza hatajisikia ametegwa. Asisahau pia kwamba kambo anaijua historia kuliko yeye. Mtu aliyezaliwa kabla ya 1960 amepitia Sheria ya Msingi ya mwaka huo, katiba ya Luluabourg ya 1964, ile ya 1967 iliyokatwakatwa na Mobutu mara nyingi, maandishi ya mpito ya 1994 na ya 2003, na hii ya 2006. Ukimwambia kwamba katiba ni mwamba usiotikisika, atacheka, na atakuwa na haki ya kucheka.

Sasa turudi kwenye likelemba, kwa kuwa kila mfano una mahali unapovunjika, na ni bora mwenye mfano aonyeshe pa kuvunjika kabla mwingine hajapaona. Katika likelemba mtu asiyeridhika humaliza mzunguko na kuondoka. Katika nchi huondoki. Katika likelemba wote walikuwepo siku ya kukubaliana. Kijana wa miaka 20 leo hakuwepo mwaka 2005. Katika likelemba kila mtu anapata alichotoa. Katika nchi tajiri analipa zaidi, au ingepaswa kuwa hivyo. Kila tofauti kati ya hizo inafungua somo jipya. Ya pili, kwa mfano, ndiyo hoja nzito ya wale wanaotaka katiba mpya. Kumbe mfano unaoonekana kuwapendelea wapinzani una mlango wa upande wa pili, ukiutafuta.

Kwa mbunge ninatumia posa. Familia ikienda kuposa inamtuma msemaji. Kuna msemaji aliyepewa kiasi kamili na kuambiwa asitoke hapo: akiombwa mbuzi mmoja zaidi, lazima arudi nyumbani kuuliza. Kuna mwingine aliyeambiwa: tunakuamini, sikiliza, amua. Kifungu cha 101 kinasema mbunge ni wa aina ya pili, tena kinakwenda mbali zaidi: akishachaguliwa Likasi au Kasenga, hawakilishi Likasi wala Kasenga bali taifa zima, na amri yoyote ya kumfunga haina nguvu. Watu huchukia kusikia hivyo. «Basi tunamchagua wa nini?» Ni swali zuri, lisijibiwe haraka. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuichunguza serikali. Mabati ya kanisa, jeneza la msiba na changarawe za barabara hazimo. Tunampima kwa mambo ambayo si kazi yake, ndiyo maana anaweza kushindwa kazi yake yote na bado tukamsifu kwa jeneza. Na adhabu tuliyobaki nayo ni moja: baada ya miaka mitano, tusimtume tena.

Kwa marafiki wa rika letu matayarisho ni mengine. Wao wana maneno yote, hata zaidi ya yanayohitajika. Kinachokosekana ni kujua habari imetoka wapi. Radio-trottoir ya baba zetu imehamia kwenye simu, sauti ya mtu asiyejulikana inapita kutoka kundi hadi kundi, na anayeuliza «nani anasema?» anaonekana msaliti. Kuwa na maandishi ya katiba kwenye simu, na kuyafungua kimya kimya kwenye kifungu kinachobishaniwa, kumemaliza mabishano mengi kuliko ufasaha wowote.

Watoto wanataka uangalifu kuliko wote, kwa sababu hawachukui hoja zetu, wanachukua maneno yetu. Mtoto wa shule ya msingi anaelewa uchaguzi ukianzia kwa kapita wa darasa. Kapita aliyewekwa na mwalimu na kapita aliyechaguliwa na wanafunzi wanatofautiana vipi? Aliyechaguliwa akianza kuandika majina ya waliopiga kelele na kuwaruka rafiki zake, tufanye nini? Mwache ajibu mwenyewe. Watoto wengi huanza kwa kusema apigwe, kisha mmoja anasema achaguliwe mwingine, na baadaye mwingine anauliza kama rafiki zake kapita watakubali. Katika dakika kumi wamefika kwenye maswali ambayo nchi inayauliza kila miaka mitano, na hukuhitaji kutaja jina la mwanasiasa hata mmoja.

Wanapouliza juu ya vita, jambo ni zito zaidi. Kuchukuliwa kwa Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata kumesikika hadi katika nyumba za Lubumbashi, na mtoto atauliza ni nani waliofanya hivyo. Jibu lina jina: ni kundi lenye silaha linaloitwa M23, na nchi yetu inaishtaki Rwanda kulisaidia, jambo ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa pia wameliandika. Jibu hilo lisiteleze kamwe kutoka kwa kundi na serikali kwenda kwa lugha anayosema jirani au sura ya mwenzake darasani. Katika mji huu hatuhitaji mfano wa mbali. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa katika jimbo lililoitwa wakati huo Shaba, maelfu kwa maelfu, wakilala kwenye stesheni za treni wakingoja kuondoka. Kabla na wakati wa kufukuzwa waliitwa «bilulu», wadudu. Neno hilo lilisemwa mbele ya watoto, kwenye meza ya chakula, na watu waliodhani wanaeleza siasa. Mtoto aliyelisikia hakuweza kuelewa hesabu ya ajira za Gécamines wala ugomvi wa wakubwa wa Kinshasa na wa Lubumbashi. Alielewa kwamba rafiki yake ni mdudu. Kwa hiyo anayejitayarisha kusema na mtoto akague viwakilishi vyake pia: «wale» ni akina nani hasa? Kama jibu ni jeshi, chama, waziri, aseme jeshi, chama, waziri. Kama jibu ni kabila, anyamaze kwanza, afikiri upya.

Kazi ya tafsiri bado ni nyingi, na ingefaa Kitivo chetu kiwe na orodha ya maneno ya katiba yaliyojaribiwa nyumbani, si mezani tu. Mojawapo linalokataa kukaa sawa limo katika kifungu cha kwanza kabisa: Leta ya Kongo ni «laïc». Tafsiri inayokuja haraka ni «Leta isiyo na dini». Iseme mbele ya watu wanaotoka ibadani, nao watasikia kwamba nchi imemkana Mungu, na kwamba ndiyo sababu hakuna mvua. «Leta ya kidunia» ni mbaya zaidi, kwani kwetu mambo ya dunia ni mambo ya dhambi. «Leta isiyochagua dini» inakaribia: inaonyesha kwamba dini ziko, ni nyingi, na Leta haiwi upande wa yoyote, sawa na kifungu cha 22 kinachompa kila mtu uhuru wa kuabudu. Wengine wanasema kuchagua ni jambo jema, kwa hiyo kutochagua kunasikika kama uzembe, na wanapendekeza «Leta ya watu wa dini zote». Hapo tena asiye na dini anauliza yeye yuko wapi.